Gereji ya chini ya mwarobaini, Kongowea: difu yangu haivuji tena

Kwa mwaka mzima, pale ninapoegesha gari nyumbani Shika Adabu palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia. Asubuhi nalifukia kwa mchanga, kesho yake limerudi. Watoto wakilikanyaga wanaingia na oili ndani mpaka kwenye mkeka. Sasa ni mwezi wa nne mchanga uko vile vile, mkavu. Naandika haya kwa ajili ya gereji moja ya Kongowea, Mombasa, na kwa ajili yako wewe mwenye gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ambaye umeshaambiwa mara mbili au tatu "sili tumebadilisha, nenda," kisha ukafika nyumbani tone likakufuata.

Gari lenyewe ni Hilux ya dizeli, injini ya 5L, gia za mkono. Nililinunua kwa pesa za chama na mkopo ambao bado naulipa. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi napakia nazi na madafu Msambweni, karibu kilomita 50 hadi Likoni, navuka feri, nashusha soko la Kongowea. Uzito wote ule unasukumwa na difu ya nyuma peke yake, yaani zile gia za kwenye ekseli zinazogawia magurudumu nguvu ya injini. Ikifa difu, biashara imelala, na madafu hayasubiri mtu.

Mafundi wawili walishaishika kabla. Wa kwanza alibadilisha sili ya mbele, ile pete ya mpira inayozuia oili kwenye shingo ya pinyoni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), akanitoza shilingi 2,800. Wiki tatu, ikaanza. Wa pili akaniambia wa kwanza aliweka sili mbovu, akaweka nyingine kwa shilingi 3,200, na oili akaimimina kutoka dumu la njano lisilo na karatasi yoyote. Nilipomuuliza ni oili gani, akasema, "Mama, oili ya gia ni oili ya gia." Mwezi haukuisha. Sitaji gereji zao, na sidhani walikusudia kuniibia. Ila wote wawili waliona mahali oili inapotokea, wakaziba pale pale, na hakuna aliyejiuliza kwa nini inatokea.

Aliyenielekeza Kongowea ni dereva wa lori la viazi tuliyekuwa tukisubiri naye kushusha. Aliinama akatazama chini ya gari langu, akaona ule unyevu uliojipaka duara kwenye bodi juu ya difu, akasema, "Dada, hii mpeleke kwa Mzee wa difu, hapo nyuma. Yeye hafungui mpaka ajue."

Gereji haina bango. Ukitoka sokoni kwa upande wa nyuma, unauliza Mzee wa difu, mtu yeyote anayeuza spea au anayeziba pancha atakuonyesha. Utaona mwarobaini mkubwa, chini yake shimo la kufanyia kazi lililojengwa kwa saruji, na ukuta wa mabati ambao propela, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye difu, na hafu shafti za magurudumu zimesimamishwa kwa mpangilio wa urefu. Mzee ana umri wa baba yangu. Ana kijana mmoja mwanafunzi na hapendi gari zaidi ya mawili kwa siku. Nilimsalimia shikamoo, akaniitikia marahaba, na kabla hajatazama gari akaanza kuuliza.

Inavuja ukiendesha au ikisimama? Ilianza lini? Unabeba nini, kilo ngapi? Inalia ukiachia mafuta kwenye mteremko? Kisha likaja swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, gari hii inavuka feri?"

Nikamwambia inavuka mara sita kwa wiki, kwenda na kurudi. Akatikisa kichwa, akamwita kijana alete mafuta ya taa na brashi.

Hapo nilikasirika kidogo, kwa sababu nilikuja kutengeneza difu, naye akaanza kuiosha. Waliiosha nusu saa nzima, kuanzia shingo ya pinyoni hadi ncha zote mbili za ekseli, wakaifuta kwa tambara mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Halafu Mzee akatoa kopo la poda ya mtoto, akaipulizia poda chini ya shingo, kwenye kiungo cha mbele ambapo kichwa cha difu kimefungwa kwa nati, kuzunguka nati ya kumwagia oili, na nyuma ya kila gurudumu. Akanipa ufunguo. "Nenda mpaka daraja la Nyali urudi. Usikimbie, usisimame."

Niliporudi tukashuka shimoni pamoja, na hili nataka nilieleze vizuri kwa sababu ndipo nilipoanza kumwamini. Poda ya kwenye kiungo ilikuwa nyeupe kama ilivyowekwa. Ya kwenye nati ya chini nyeupe. Ya nyuma ya magurudumu nyeupe. Ya shingoni ilikuwa imekatwa na mstari mmoja mwembamba, wa rangi ya asali, unaoteremka kutoka nyuma ya flanji, ile sahani ambayo propela inafungwa juu yake. Kutoka hapo matone yalikuwa yamerushwa duara na mzunguko wa flanji. Mzee akaweka kidole, akanusa, akanipa ninuse. Kumbe oili ya difu ina harufu yake, ya salfa, kama yai lililoharibika. Ya injini haina harufu hiyo. Alisema kuna watu wamefunguliwa difu bure kumbe oili inatoka nyuma ya giaboksi, inapeperushwa na upepo mpaka nyuma.

Basi ni sili tena, nikasema. Akajibu, "Sili ndiyo inayolia. Tutafute anayeipiga."

Akapanda juu ya ekseli kwa mkono, akapapasa mpaka akapata kipumulio. Sikujua difu inapumua. Ni kidude kidogo cha chuma juu ya nyumba ya ekseli, chenye kofia inayocheza. Kazi yake ni kutoa hewa. Difu ikifanya kazi inapata joto, hewa ya ndani inatanuka, na lazima itoke mahali. Kofia ya kwangu haikucheza hata kidogo. Ilikuwa imeshikana kwa kutu na tope mpaka ukidhani ni jiwe. Alikifungua, akanipa nipulize. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba, hewa haikupita.

Alinieleza kwa utaratibu, huku amekishika mkononi. Natoka Msambweni na mzigo, difu inachemka. Hewa inatafuta njia, kipumulio kimeziba, inasukuma oili ipite penye udhaifu, na udhaifu ni mdomo wa sili ambao ni mpira tu. Nikifika feri nasimama kwenye foleni, difu inapoa, sasa hewa ya ndani inanywea na difu inavuta kutoka nje. Na kipi kiko nje? Maji yakipwa, hasa bamvua, mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali, magurudumu yanakanyaga maji ya chumvi na kuyarusha chini ya gari. Chumvi hiyo hiyo ndiyo iliyokula kipumulio. Kwa hiyo oili inatoka na unyevu unaingia, kwa mlango ule ule. Ukibadilisha sili mara kumi bila kugusa kipumulio, umewapa kazi wauza sili.

Nilikumbuka mvua za El Niño za mwaka 2023, siku nilipopita kwenye maji yaliyofika katikati ya gurudumu kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Huenda ilianzia hapo.

Wakati wa kumwaga oili, kijana alikwenda moja kwa moja kwenye nati ya chini na Mzee akamzuia. Kwanza ifunguliwe ya kujazia, ile ya ubavuni. Sababu yake ni rahisi na nimeikariri: ukimwaga oili yote halafu nati ya kujazia ikagoma kufunguka, umebaki na gari lisiloweza kwenda popote. Ya kwangu iligoma kweli. Waliipasha moto, wakagonga spana kwa nyundo, ikaachia kwa mlio kama wa mlango wa zamani.

Kilichotoka chini hakikuwa oili ninayoijua. Kilikuwa rangi ya chai ya maziwa iliyokaa usiku kucha. Maji yameshachanganyika. Nati ya chini ina sumaku ndani, nayo ilikuwa imevaa tope la kijivu. Mzee alilisugua kati ya vidole viwili kwa muda mrefu, macho yameangalia pembeni, kama mtu anayepima unga wa mahamri. Tope laini ni kawaida, ni meno yanavyosagika miaka kwa miaka. Angesikia punje au kipande, tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa, ya krauni, ile gia kubwa inayozungushwa na pinyoni, na beringi na pesa ambazo sina. Hakusikia. Nilishusha pumzi.

Propela ikatolewa, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Nati kubwa inayoshika flanji kwenye pinyoni si nati ya kukaza tu mpaka mkono uchoke. Ndani, kati ya beringi mbili za pinyoni, kuna bushi nyembamba ya chuma inayojifinya nati inapokazwa, na kiasi cha kufinywa kwake ndicho kinachoamua beringi zibanwe vipi. Ukikaza kidogo, pinyoni inacheza na meno yanalia. Ukizidisha, beringi zinabanwa, zinaungua, na bushi ikishafinywa kupita kiasi hairudi, itabidi iwekwe mpya. Mafundi wengi wanaweka alama kwenye nati na kwenye ncha ya pinyoni, wanairudisha pale pale. Mzee naye aliweka alama, akahesabu na nyuzi zilizojitokeza nje ya nati. Lakini alifanya na jambo jingine. Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yanaelea na breki zimelegezwa, alizungushia kamba kwenye flanji, akaifunga kwenye mizani ya ndoana, hii hii wanayopimia samaki, akaivuta taratibu mpaka flanji ikaanza kuzunguka. Alisoma mizani flanji ikiwa inazunguka, siyo pale inapoanza kuondoka. Kilo moja na robo tatu. Akaiandika kwa chaki kwenye bati.

Flanji ilipotoka aliifuta, akanipa. "Pitisha kucha hapa." Nikapitisha ukucha kwenye shingo yake inayong'aa, na ukucha ukakwama. Sili za miaka mingi zimechimba mfereji mwembamba kuzunguka chuma. Kwa macho huuoni vizuri, unaona kama mstari wa kivuli, lakini ukucha unadumbukia. Sasa hata ukiweka sili mpya iliyotoka kiwandani leo, mdomo wake unakaa juu ya mfereji ule ule na oili inapita chini yake. Hiyo ndiyo sababu ya pili, na hii pia hakuna aliyenionyesha. Mafundi wale wawili walikuwa na flanji hii mikononi mwao.

Alinipa njia mbili bila kunisukuma. Ya bei nafuu: kutoipigilia sili ndani sana, iachwe milimita moja au mbili nje ili mdomo ukae mahali pazima. Ya kudumu: kutafuta flanji nyingine. Nilichagua ya pili. Alinituma na kijana Mwembe Tayari, kwenye maduka ya spea zilizotumika kutoka Japani, na masharti mawili: hesabu matundu ya bolti, na pitisha ukucha. Flanji ya kwanza tuliyoonyeshwa ukucha ulikwama. Ya tatu ukapita kama kwenye kioo. Shilingi 2,500.

Sili tulinunua duka jingine hapo hapo. Sili ina namba tatu zilizopigwa usoni, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na Mzee alituandikia zote. Muuzaji alileta moja iliyotofautiana unene akasema itaingia tu. Kijana akakataa kwa adabu. Nilimpenda hapo. Tulipata ya NOK, kampuni ya Japani, midomo yake laini, chemchemi yake ndogo ya ndani imekaa sawa, shilingi 950. Nati mpya 150, kwa sababu ya zamani ukingo wake ulishapigwa tindo mara nyingi. Kipumulio kipya 400.

Sasa oili, na hapa naomba uvumilie kwa sababu ndipo watu wengi tunapopigwa.

Nilirudi kwa Mzee nikamwambia muuzaji amenishauri 85W-140, kwamba ni nzito, haitavuja. Akaniuliza kama nina kile kitabu cha gari. Ninacho, kiko kwenye dashibodi, nilikikuta humo nilipolinunua. Akavaa miwani, akatafuta ukurasa wa difu, akanisomea: oili ya gia za haipoidi, daraja la API GL-5, uzito SAE 90 kwa mahali ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 18 chini ya sifuri. "Kongowea kuna barafu?" Hakuna.

Neno haipoidi alinieleza kwa ngumi na kiganja. Pinyoni haigongani na krauni katikati, imeteremshwa chini ya katikati. Kwa hiyo meno hayabingiriki tu, yanasuguana kwa kuteleza, moja linajipaka juu ya jingine kwa nguvu kubwa. Oili ya kawaida inafinywa ikatoka katikati, chuma kinabaki kwa chuma. GL-5 imewekwa salfa na fosforasi ambazo joto la msuguano linazifanya zishikane na chuma zikawa ngozi nyembamba inayolinda meno. Ile harufu ya yai ndiyo hiyo salfa. GL-4 inayo pia, ila kidogo, haitoshi difu ya namna hii.

Nikamuuliza, kwa nini basi nisiweke GL-5 kila mahali, na giaboksi pia? Akasema hapana, na ameliona kosa hilo likimaliza giaboksi za watu. Ndani ya giaboksi ya mkono kuna pete za shaba zinazosaidia gia kuingia, na dawa nyingi ya GL-5 inaweza kuila shaba. Tena inateleza mno kwa pete zile, gia zinakuwa ngumu kuingia. Kwa giaboksi soma kitabu: kikikuambia GL-4, weka GL-4. Fundi anayekuwekea oili moja kotekote kwa sababu dumu limefunguliwa, mkimbie.

Kuhusu 85W-140 alisema ni oili nzuri kwa gari lililoandikiwa. Kuitia ili izibe mvujo ni kuipa difu blanketi wakati ina homa. Inakuwa nzito kusukumwa, inaongeza joto, inakula dizeli, na sili iliyochoka itaivuja vile vile ikishapata moto. Kisha akanisahihisha jambo ambalo nimelishikilia miaka yote. Nilidhani 90 ya difu ni nzito mara mbili ya 40 ya injini. Sivyo. Ni vipimo viwili tofauti, kama futi na mita. SAE 90 ya gia ikipata moto inalingana na 40 au 50 ya injini. Namba yenye W ni ya baridi kali, na sisi ambao hata alfajiri ya Julai ni karibu nyuzi 20, kati ya 75W-90 na 80W-90 tofauti yake ni ndogo. Kinachotuhusu ni ile 90 ya mwisho na ile GL-5. Nilichukua 80W-90.

Kabla hajaniruhusu kuinunua alifanya jaribio moja. Magurudumu ya nyuma yakiwa juu, ya mbele yamewekewa mawe, akazungusha gurudumu la kulia kwa mkono. La kushoto likazunguka kinyume. Vizuri, akasema, difu ya kawaida. Yangezunguka upande mmoja au yakagoma, ingekuwa difu yenye sahani za ndani zinazozuia gurudumu moja kuchapa peke yake, na hiyo ina oili yake yenye dawa maalumu. Ukiitia ya kawaida itakwaruza kwenye kona.

Oili niliinunua mwenyewe, chupa tatu za lita moja, shilingi 750 kila moja, zikiwa na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na mifuniko haijaguswa. Nilizileta zikafunguliwa mbele yangu. Zaidi ya robo lita ilibaki, nimeitunza.

Kufunga walifanya asubuhi ya pili. Mdomo wa sili ukapakwa oili, siyo kuingizwa mkavu. Sili ikagongwa kwa kipande cha bomba la upana wake ili iingie sawa pande zote. Kwa kuwa flanji ilikuwa nyingine, Mzee alisema alama peke yake hazitoshi, mizani ndiyo itakayoamua. Akawa anakaza nati kidogo, anazungusha flanji, anavuta kamba, anasoma, anakaza tena unywele mmoja. Ilimchukua karibu dakika arobaini na hakuzungumza na mtu. Mizani iliposoma kilo mbili kasoro kidogo aliweka spana chini, akaupiga ukingo wa nati kwa tindo ujifunge. Oili ikajazwa mpaka ikaanza kutiririka kwenye tundu la ubavuni, ikaachwa ijipime, ikafungwa. Dramu za breki za nyuma walizifungua kuangalia kama sili za hafu shafti nazo zimetoa. Zilikuwa kavu, na nashukuru, maana breki zikilowa oili hazisafishwi, zinatupwa.

Na kipumulio kipya hakukiweka pale pale. Alifunga mpira mwembamba wa mafuta, akaupandisha na kuubana juu karibu na bodi, kipumulio kikakaa huko ambako maji ya feri hayafiki. Hilo sikuliomba na hakunitoza.

Ufundi 3,500. Jumla ya kila kitu 9,750. Wale wawili wa kwanza nilishawalipa 6,000 kwa kazi ambayo haikudumu.

Yasiyonipendeza ni haya. Kazi ilichukua siku mbili, na hakunionya mapema, nikapoteza safari ya Jumatano na mteja mmoja wa madafu amehamia kwa mwingine. Hakuna risiti, anaandika kwenye daftari lake, ukitaka karatasi umkumbushe. Kukaa ni juu ya tairi au jiwe, na choo ni cha sokoni, jambo ambalo kwa sisi wanawake si dogo ukisubiri mchana kutwa. Hapokei gari Ijumaa baada ya saa tano. Na ukimharakisha anakurudishia ufunguo. Nimeona akimrudishia kijana mmoja wa Probox aliyemwambia aharakishe, bila ugomvi, akamwambia tu kuna gereji nyingine mbele.

Oili chafu hawakuimwaga mtaroni. Waliikinga kwenye dumu lililokatwa, wanamuuzia mtu anayeikusanya. Mitaro yetu yote inaishia baharini, kwa hiyo nililiangalia hilo kwa makini.

Alinitaka nirudi baada ya kilomita 1,000, bure. Nilirudi. Alifungua nati ya ubavuni, akaingiza kidole kidogo, kikatoka na oili safi ya rangi ya asali kutoka ukingoni kabisa. Hakuna iliyopungua, hakuna maziwa. Akapulizia kipumulio, kikaitika. Tangu siku ile nimekwenda zaidi ya kilomita 5,000, na mlio ule wa mbali niliokuwa nausikia nikiachia mafuta kwenye mteremko wa feri umepungua ila haujaisha. Mzee alishaniambia hautaisha, meno yameshachakaa kiasi chake. Nimeridhika na ukweli huo.

Ukienda, fika kabla ya saa mbili asubuhi ili upate nafasi kwenye shimo. Chukua kitabu cha gari kama unacho, na usioshe difu njiani kwa kudhani unamsaidia, anataka kuiona na uchafu wake kwanza. Beba pia kopo la poda, la kwake nililiacha tupu.